Mnara wa Sevilla: Kutoka Adhana Hadi Tiketi ya Watalii



Mabibi harusi wetu wa siku hizi wana hamu ya kutembea. Zamani fungate ilikuwa siku saba ndani ya nyumba, somo yuko pembeni, chakula kinaletwa na mlango haufunguki ovyo. Leo binti anakaa na mwenzake wakifungua ramani ya dunia: Istanbul, Marrakesh, na kila baada ya muda utasikia jina la Sevilla, mji wa kusini mwa Hispania. Picha inayowavutia karibu wote ni moja. Ni mnara mrefu wa matofali ya rangi ya asali, madirisha yake ya matao pacha, na chini yake bustani ya michungwa. Mnara huo unaitwa Giralda.

Wengi wanaoupiga picha wanajua kwamba ni mnara wa kanisa kuu. Wachache wanajua kwamba sehemu yake kubwa ilijengwa kwa ajili ya muadhini. Historia yake ina mambo yanayotuhusu sisi wanawake moja kwa moja, hata hina ya bibi harusi imo ndani yake. Basi vuta mkeka, tuanze mwanzo.

Mnara uliojengwa kwa ajili ya sauti

Waislamu walivuka bahari kutoka Afrika Kaskazini kuingia Hispania mwaka 711, na mwaka uliofuata Sevilla ikawa mikononi mwao. Wakauita mji huo Ishbiliya. Karne nne na nusu baadaye nchi ilikuwa chini ya al-Muwahhidun, watawala wa Kiberberi ambao makao yao makuu yalikuwa Marrakesh. Khalifa wao Abu Yaqub Yusuf aliipenda Ishbiliya, na mwaka 1172 akaamuru ujengwe msikiti mkuu mpya, kwa kuwa ule wa zamani ulikuwa hauwatoshi watu. Kazi alipewa msanifu Ahmad ibn Baso. Mwaka 1182 hotuba ya Ijumaa ya kwanza ikasomwa ndani yake.

Mnara ulianza mwaka 1184. Mwaka huohuo khalifa akafariki katika vita dhidi ya Wareno, na kazi ikasimama. Mwanawe, Abu Yusuf Yaqub, anayejulikana zaidi kama al-Mansur, ndiye aliyeiendeleza, na fundi mpya Ali al-Ghumari akaachana na mawe na kupanda juu kwa matofali. Ukiutazama mnara leo utaona mpaka huo kwa macho: chini mawe makubwa, mengine yameokotwa katika majengo ya Warumi na bado yana maandishi ya Kilatini, na juu yake matofali yaliyopangwa kwa nakshi kama darizi ya kofia.

Ndani hakukujengwa ngazi. Kuna njia pana ya mpando laini inayozunguka kwenda juu, vipande 35, moja baada ya nyingine. Husemwa kwamba ilifanywa hivyo ili muadhini aweze kupanda juu ya mnyama mara tano kwa siku bila kuchoka. Fikiria huruma iliyomo ndani ya mchoro huo: msanifu wa jengo kubwa kabisa la mji alikaa akawaza magoti ya mtu mmoja.

Mwaka 1195 al-Mansur alimshinda mfalme wa Castilla katika vita vya al-Arak, na ushindi huo ukampa ari ya kuumaliza mnara kwa fahari. Mwezi Machi mwaka 1198 vilipandishwa kileleni vitufe vinne vya shaba vilivyopakwa dhahabu. Watu walikusanyika kutazama vikifunuliwa, jua likavipiga, na vikaonekana kutoka mbali nje ya mji. Kwa nusu karne baada ya siku hiyo, mama wa Ishbiliya alijua wakati wa kubandika chungu, wa kuwaita watoto na wa kutandika mswala kwa sauti iliyotoka huko juu.

Washindi walioupenda mnara

Mwaka 1247 Mfalme Fernando III wa Castilla aliuzingira mji. Njaa ikaingia, mto ukafungwa na merikebu zake, na mwezi Novemba 1248 Ishbiliya ikajisalimisha. Wakazi Waislamu walipewa muda mfupi wa kuuza walichoweza na kuondoka. Wengi walikwenda Granada, wengine wakavuka bahari kwenda Afrika Kaskazini.

Masimulizi ya washindi wenyewe yana kisa kimoja cha wakati wa mapatano. Inasemekana watu wa mji waliomba waruhusiwe kuubomoa mnara kabla ya kutoka, kwani hawakutaka kuuona ukitumika kwa jambo lingine. Mwana wa mfalme, Alfonso, akajibu kwamba likitolewa tofali moja tu, hatabaki mtu hai mjini. Iwe ni kweli kwa kila neno au la, kisa kinaeleza hisia za pande mbili. Wale walioujenga waliona heri uanguke kuliko ubadilishwe. Wale walioutwaa walikwisha kuuona kuwa ni kito.

Hapo ndipo safari ya mnara kuwa kivutio ilipoanza, miaka mingi kabla ya mtalii wa kwanza. Kivutio huanza siku mtu mwenye nguvu anaposema, "Hiki kizuri, kiacheni." Msikiti ukageuzwa kanisa. Katika karne ya 14 tetemeko la ardhi liliangusha vile vitufe vya dhahabu. Mwaka 1401 wakuu wa kanisa wakaamua kujenga kanisa jipya kubwa mno, na ukumbi wa swala ukabomolewa hatua kwa hatua. Vilivyobaki ni mnara, ua wenye michungwa ambako watu walikuwa wakitawadha, na lango moja ambalo milango yake ya shaba ina aya za Qur'ani kwa hati ya Kufi. Aya hizo zipo hadi leo. Maelfu hupita chini yake bila kujua kwamba wanapishana na maneno ya Mola wao.

Kengele juu, hina marufuku

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo vitabu vingi vya watalii huiruka.

Kati ya mwaka 1558 na 1568 msanifu Hernán Ruiz aliongeza juu ya mnara ghorofa za kengele kwa mtindo mpya wa wakati wake. Kazi ilipokamilika ikapandishwa kileleni sanamu ya shaba nyeusi ya mwanamke, imeshika ngao na tawi la mtende, kuwakilisha ushindi wa imani ya Kikristo. Sanamu huzunguka upepo unapovuma, na kwa kuwa kuzunguka kwa Kihispania ni "girar", ikaitwa Giralda. Baadaye jina likahamia kwa mnara wote. Pamoja na nyongeza hiyo mnara ulifikia urefu wa mita 100 na ushei.

Miaka hiyohiyo ambayo mafundi walikuwa wakipandisha matofali Sevilla, huko Granada ilikuwa ikiandaliwa sheria. Granada ilikuwa dola ya mwisho ya Kiislamu katika nchi ile, nayo ilianguka mwaka 1492. Muda mfupi baadaye Waislamu wake walilazimishwa kubatizwa au kuondoka. Waliobatizwa na vizazi vyao waliitwa Moriscos. Nje walikuwa Wakristo, ndani ya nyumba wengi walibaki na dini yao. Tarehe 1 Januari 1567 ikatangazwa huko amri ya Mfalme Philip II, na ukiisoma utadhani iliandikwa na mtu aliyejificha nyuma ya pazia la harusi ya Kiislamu.

Lugha ya Kiarabu ipigwe marufuku, wapewe miaka mitatu ya kujifunza Kihispania. Mavazi ya kienyeji yaachwe. Wanawake wasijifunike nyuso. Hamamu zifungwe. Nyimbo na ngoma za harusi za kienyeji zisipigwe. Siku za Ijumaa, za sikukuu na za harusi milango ya nyumba iachwe wazi, ili mpita njia aone kinachofanyika ndani. Na wanawake wasitie hina.

Isome tena hiyo ya mwisho, bibi harusi. Dola iliyokuwa na merikebu katika bahari zote za dunia ilikaa kikao juu ya mikono ya wanawake.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Granada, Francisco Núñez Muley, aliyeandika waraka mrefu kwa wakuu wa serikali kuitetea jamii yake. Hoja zake zilikuwa za mtu anayejua maisha ya nyumbani. Alisema mavazi ni desturi ya nchi, wala si dini, kwani hata Wakristo wa Mashariki huvaa kama majirani zao. Alisema hina ni pambo na usafi. Aliuliza hamamu zikifungwa watu watakoga wapi. Akakumbusha kwamba mwanamke maskini hana fedha za kutupa nguo zote alizonazo na kushona mpya kwa sababu amri imetoka. Hawakumsikiliza. Mwishoni mwa mwaka 1568, miezi michache tu baada ya sanamu kupandishwa Sevilla, watu wa milima ya Granada waliasi. Vita viliendelea hadi mwaka 1571.

Adhabu yake ilikuwa kutawanywa. Familia za Granada zilitolewa makwao na kusambazwa katika miji ya Castilla, na maelfu wakapelekwa Sevilla. Hivyo mwanamke aliyenyimwa hina yake alishushwa katika mji ambao mnara wake mkubwa ulijengwa na watu wa dini yake, na sasa uliita kwa kengele. Wanahistoria wanaosoma kumbukumbu za mahakama za kanisa wanaeleza kwamba, misikiti na madrasa zilipokwisha kufungwa, dini ilihamia jikoni na chumbani. Mama ndiye aliyemfundisha mtoto sura fupi kwa sauti ya chini. Mama ndiye aliyefunga Ramadhani huku akijifanya anapika mchana, na wengine walifikishwa mahakamani kwa mambo hayo.

Mwaka 1609 ikatoka amri ya kuwafukuza wote nchini, na zamu ya Sevilla ikafika mwaka 1610. Amri ya huko ilisema wazazi wanaokwenda nchi za Waislamu waache watoto wao walio chini ya miaka saba. Kuna kina mama waliopanda merikebu kutoka bandari ile mikono mitupu.

Mnara ulibaki salama salmini. Ulifanyiwa ukarabati, ukapakwa rangi, ukasifiwa. Kitu cha Waislamu kilichopendwa kilikuwa jiwe lao.

Jinsi tiketi ilivyopatikana

Baada ya hapo kazi ya kuufanya mnara kuwa uso wa mji ilifanywa na hadithi na picha. Wenyeji walisimulia kwamba katika tetemeko la mwaka 1504 mnara ulishikiliwa na mabinti wawili watakatifu wa Kikristo, Justa na Rufina, ndugu waliokuwa wauza vyungu. Mchoraji Murillo, mwenyeji wa Sevilla, aliwachora katika miaka ya 1660 wakiwa wameukumbatia mnara kama mtoto. Mnara ukawa wa kwao kabisa. Asili yake ilijulikana, lakini haikuwa tena na uzito.

Uzito huo ulirudi kwa mlango mwingine katika karne ya 19. Wasafiri wa Uingereza, Ufaransa na Marekani walianza kuitafuta Hispania ya "Wamoro", yenye matao, chemchemi na siri. Mchoraji David Roberts aliuchora mnara alipofika mwaka 1833. Mwingereza Richard Ford aliishi Sevilla na familia yake, na mwaka 1845 akatoa kitabu cha kuwaongoza wasafiri wa Hispania. Reli ikafika mjini mwaka 1859. Sasa Uislamu wa mnara ukawa sababu ya watu kuja, alimradi uwe Uislamu wa zamani, usio na mtu hai wa kuuliza chochote. Hata New York ilipata nakala yake: mwaka 1890 jumba la Madison Square Garden lilijengwa na mnara ulioigwa kutoka Giralda, nao ukabomolewa mwaka 1925.

Karne ya 20 ilimaliza kazi. Mwaka 1987 UNESCO iliandikisha kanisa kuu pamoja na mnara, kasri la Alcázar na jengo la nyaraka la Archivo de Indias katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 1992 Sevilla ikaandaa maonyesho ya dunia, na treni ya kasi kutoka Madrid ikaanza safari mwaka huohuo. Leo mgeni ananunua tiketi, anapanga foleni, anapanda ile njia ya muadhini, anapiga picha na kushuka.

Ndugu wawili ng'ambo ya maji

Giralda haikuzaliwa peke yake. Al-Muwahhidun walijenga minara mingine miwili mikubwa ya ukoo huohuo, yote Morocco. Wa Kutubiyya, Marrakesh, una urefu wa mita 77 hivi, na hadi leo adhana inatoka pale. Watalii wanaupenda vilevile, lakini asiye Muislamu huutazama kutoka nje, katika bustani. Mwezi Septemba 2023 tetemeko kubwa liliutikisa mbele ya macho ya watu, na alhamdulillah ukabaki umesimama. Wa pili ni mnara wa Hassan mjini Rabat. Al-Mansur alitaka uwe mkubwa kuliko yote, akafariki mwaka 1199, na kazi ikakoma ulipofika mita 44. Umebaki hivyo, umezungukwa na nguzo za msikiti usiomalizika.

Minara mitatu, ukoo mmoja, na yote mitatu ni vivutio vya watalii. Kwa hiyo kuwa kivutio peke yake hakuuui mnara. Kutubiyya unapokea wageni na bado unafanya kazi yake, kwa sababu walioubeba maana yake hawakuondolewa karibu nao.

Na sisi huku

Kisiwa chetu kinaijua habari hii kwa karibu. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na wengi wetu tunakula kwa njia ya wageni: kuna aliyeajiriwa hoteli, kuna anayeuza viungo, kuna anayepaka hina na piko watalii kule Forodhani. Mnara wa saa wa Beit al-Ajaib tuliuona kila siku, tukadhani utakuwepo tu, mpaka sehemu ya mbele ya jumba ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Tangu hapo tumesikia mengi kuhusu chokaa, boriti na fedha za ukarabati, na ni haki yasemwe.

Ila Sevilla inatufundisha kwamba mawe hayakosi watetezi. Yana mafundi, yana mashirika, yana wapenzi kutoka nje. Vitu ambavyo amri ya 1567 ilivitafuta nyumba kwa nyumba ndivyo visivyo na shirika la kuvikarabati: jinsi bibi yako anavyosaga singo, nyimbo za siku ya kutiwa hina, maneno ambayo somo humwambia mwari mlango ukiwa umefungwa, adabu ya kuusitisha mdomo adhana inaposikika. Waliotunga ile amri walikuwa maadui, lakini walijua vizuri sana dini na desturi zinakaa wapi. Sisi hatuna wa kutukataza. Sisi hofu yetu ni uvivu, na ile tabia ya kuona kwamba cha nyumbani ni cha picha tu, cha siku moja, kisha basi.

Kwa bibi harusi anayekwenda

Ukijaaliwa kufika Sevilla, nenda. Hakuna ubaya kuutazama uzuri, na mji wenyewe una mengi. Haya machache yatakusaidia:

Nunua tiketi mapema mtandaoni na upande asubuhi. Joto la Julai na Agosti huko hupita nyuzi 40 mara kwa mara. Mwezi Machi na Aprili michungwa huchanua na mji wote hunukia.

Njia ya kupanda ni ya mpando laini, haina shida kwa mwenye buibui, ila mwishoni kabisa kuna ngazi chache.

Kumbuka kwamba ndani ni kanisa linalotumika. Ingia kwa adabu ile unayotaka mgeni aingie nayo katika msikiti wetu, na panga swala zako kabla au baada.

Simama langoni Puerta del Perdón, tazama milango ya shaba kwa utulivu, na utafute yale maandishi ya Kufi.

Kama muda na mfuko vinaruhusu, vukeni pia hadi Marrakesh. Kaeni katika bustani ya Kutubiyya wakati wa Magharibi, msikilize.

Na kabla hujafunga sanduku, mwambie mama au bibi akutie hina kama alivyotiwa yeye, na umuulize nyimbo walizoimba siku ile. Ziandike. Ukifika juu ya mnara ule na kuweka mikono yako ukutani kupiga picha, hina hiyo itakuwa na mengi ya kusema kwa niaba ya wanawake ambao hatuyajui majina yao.

Allah awape mabibi harusi wetu wote ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma. Amin.